Re: Bustani isiyomaliza maji, Dodoma

Mkuu, umeuliza upande nini kwenye kiwanja chako cha Ihumwa ili maji yasikumalize. Kwanza achana na nyasi. Mvua za Dodoma ni kama milimita 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki utashinda na mpira wa maji mkononi.

Kwa kivuli, panda mkwaju. Hukua taratibu, ila ukishashika hausumbui. Chimba shimo mapema, changanya samadi iliyooza, panda mvua zikianza. Uzungushie mche kisahani cha udongo, upana wa hatua moja, maji yatuame na kuzama. Tandaza majani makavu, lakini yakae mbali na shina kwa kiganja kizima. Mchwa hupandia hapo. Mche wangu wa kwanza ulitafunwa gome hivyo hivyo.

Mwanzoni mwagilia ndoo nzima jioni mara moja kwa wiki, usidonyoe kikombe kila siku, ili mizizi iyafuate maji chini.

Kandokando ya njia weka mishubiri, inatosha. Uzio wa minyaa hauhitaji maji, ila utomvu wake ni hatari kwa macho. Kama una watoto wadogo, tafadhali usiupande.