Lishe ni ileile, kwa nini seli shina zinatofautiana?

Swali: Ninakuza seli shina za uboho wa mifupa kwenye sahani ya plastiki. Mwenzangu anatumia lishe ileile, ila anazikuza juu ya jeli laini, na seli zake zimechipua matawi kama seli za neva. Je, ulaini peke yake unaweza kuleta tofauti hiyo?

Jibu: Unaweza, kwa sababu seli shina, yaani seli ambayo bado haijawa ya aina maalumu, haiongozwi na lishe tu, bali pia na ugumu wa mahali iliposhika. Seli hujishikiza kwa protini za utando wake ziitwazo integrini, kisha huvuta kwa nyuzi za protini ya aktini zilizo ndani yake, zinazokazwa na protini nyingine, miosini. Plastiki haivutiki, kwa hiyo nyuzi hukaza, seli hutandaa, na protini ya YAP huingia kwa wingi ndani ya kiini na kubadili utendaji wa jeni. Jeli laini hufuata mvuto huo, nyuzi hubaki zimelegea, na sehemu kubwa ya YAP husalia nje ya kiini.

Mwaka 2006 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao nchini Marekani walikuza seli za aina yako juu ya jeli za poliakrilamidi zilizopakwa kolajeni. Kwenye ugumu wa kilopaskali 0.1 hadi 1, unaokaribia ule wa ubongo, seli zilitoa matawi na alama za neva, yaani protini zinazotambulisha seli za neva. Kwenye 8 hadi 17 zilielekea misuli, na kwenye 25 hadi 40 zilielekea mfupa. Miosini ilipozuiwa kwa kemikali ya blebistatini, mwelekeo huo ulitoweka, na kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko picha zote za matawi.

Hata hivyo, mwenzako asitangaze bado kwamba amepata neuroni, yaani seli halisi za neva. Seli za uboho zikiguswa na kemikali fulani, kiunzi cha nyuzi zilizo ndani yake husinyaa, mwili hunywea, na vinyuzi vinavyobaki hudanganya jicho; hata baadhi ya alama za neva huonekana. Kipimo cha kuaminika ni umeme: neuroni iliyokomaa hutoa msukumo wa umeme inaposisimuliwa, tena huunda sinapsi, yaani viungo vya kupashana habari na neuroni nyingine.

Kama lengo lenu ni neuroni halisi, ningeanza na seli shina za neva zenyewe. Hizo hudumishwa katika hali ya kugawanyika kwa vichochezi vya EGF na FGF2, na vikiondolewa huanza kukomaa. Hapo ulaini huongeza uwiano wa neuroni, ilhali ugumu huongeza ule wa glia, yaani seli zinazosaidia neuroni.

Kabla ya kulinganisha matokeo yenu, pimeni unene wa jeli, kwa kuwa kwenye jeli ya mikromita chache tu seli huhisi kioo kilicho chini yake, na hakikisheni kwamba kiasi cha protini iliyopakwa na idadi ya seli kwa eneo ni sawa pande zote mbili.