Kadi ya Kale na Kadi Inayong'ara: Maswali Yenu

Barua nyingi za safari hii zinauliza kadi za wachezaji, zile zinazoletwa na jamaa wa Toronto, London na Dubai. Tumechagua tano.

Swali: Assalamu alaykum. Mjomba karudi kutoka Toronto na kasha la kadi za besiboli, kiasi cha 800, karibu zote za 1987 hadi 1992. Zimeshapita miaka 30, lakini kila ninayemuuliza ananiambia hazina bei. Mpwa wangu kauza kadi moja tu ya kikapu, ya mwaka juzi, kwa dola 150. Vipi mtoto amshinde mzee? – Msomaji, Kikwajuni

Jibu: Wa alaykumu s-salaam. Umri peke yake haupandishi bei. Kadi ya kale ni ghali kwa kuwa wenziwe wamekufa. Ya sasa ni ghali kwa kuwa wenziwe hawakuzaliwa. Za mjomba wako hazimo katika kundi lolote kati ya hayo: zilizaliwa nyingi na zote zikaishi.

Chukua mfululizo wa T206, uliotoka Marekani baina ya 1909 na 1911 ndani ya pakti za sigara. Kadi ya mchezaji Honus Wagner ilisitishwa mapema, na zinazojulikana leo ni kiasi cha 50 au 60. Moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Au chukua kadi ya mchezaji Mickey Mantle iliyotolewa na kiwanda cha Topps 1952, namba 311. Alikuwemo katika fungu la mwisho la mwaka ule, lililofika madukani msimu ukielekea ukingoni na watoto wameshageukia mengine. Makasha yaliyobaki, kwa maelezo ya Sy Berger wa Topps mwenyewe, yalitoswa baharini karibu na New York mwaka 1960. Zilizosalia mikononi zilifungwa kwa mpira, zikatiwa mifukoni, zikachomekwa kwenye spoki za baiskeli zitoe mlio. Agosti 2022 moja iliyohifadhika vizuri, ya daraja 9.5 kati ya 10 kwa ubora wa hali yake, ilifika dola milioni 12.6.

Habari za bei za namna hiyo ndizo zilizoharibu biashara. Ilipofika miaka ya 1980 kila mtu alikwishajua kuwa kadi ni mali, basi watu wakanunua makasha mazima na kuyafungia, na viwanda vikachapa bila kiasi. Leo bado yapo makasha ya miaka ile ambayo hayajafunguliwa. Uchache hauwezi kutokea pale ambapo kila mtu ametunza.

Usizitupe lakini kadi za mjomba. Kaa nalo kasha jioni moja na utafute wanne hawa (jina la mchezaji, kisha chapa ya kadi): Ken Griffey Jr. wa Upper Deck 1989, namba 1. Frank Thomas wa Topps 1990, namba 414, ile tu ambayo jina lake halikuchapwa mbele. Mariano Rivera wa Bowman 1992, namba 302. Na kadi yoyote ya Topps 1991 yenye mhuri wa dhahabu wa Desert Shield, ambayo ilitengenezwa kwa askari wa Marekani waliokuwa Ghuba. Huo mhuri unaghushiwa sana, basi ukiupata usifurahi haraka. Zilizobaki wape watoto wachezee.

Kwa mpwa wako, bila shaka kadi yake ina namba ya kupigwa, mfano 23/99. Maana yake zilichapwa 99 tu za rangi ile, na hiyo ni ya 23. Kadi hiyohiyo ya kawaida, isiyo na namba, huenda haifiki dola mbili. Angalia tu mtego uliopo: mchezaji mmoja hutolewa katika rangi kumi, ishirini au zaidi, na kila rangi ina uchache wake. Ukijumlisha, "kadi adimu" za mtu mmoja zinakuwa mamia. Wanaonunua kwa pesa nyingi huangalia kwanza kama ni kadi ya msimu wake wa mwanzo, kisha kama ina saini iliyowekwa kwenye kadi yenyewe na si kwenye kibandiko, halafu ndiyo namba. Kuwa wa 23 hakuna faida juu ya kuwa wa 57, isipokuwa ikilingana na namba ya jezi ya mchezaji. Hapo wapo wanaoongeza pesa, sababu wanaijua wenyewe.

Tena bei ya kadi ya sasa inategemea magoti ya kijana aliye bado uwanjani. Mkikubaliana kuuza nyingine, uzeni akiwa anafunga, si akiwa hospitalini.

Swali: Nina kadi za kikapu za 2009, ikiwemo ya Hasheem Thabeet. Yeye ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Kwa nini haina bei kubwa? – Chake Chake

Jibu: Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009, Thabeet alichaguliwa wa 2, na Memphis Grizzlies. James Harden alichaguliwa wa 3, Stephen Curry wa 7, na wote wawili wakaja kuwa nyota. Kadi zao za mwanzo zilitoka msimu mmoja, viwanda vilevile, karatasi ileile. Ya Thabeet ya kawaida ni ya dola chache. Ya Curry ni ya mamia kwenda maelfu. Hakuna somo zuri zaidi ya hilo: soko hulipia alichokifanya mchezaji baada ya kadi kuchapwa. Iweke kwa mapenzi. Na pekua pakti zako vizuri kama Curry hayumo.

Swali: Kadi zangu za kung'ara zinajikunja kama karara la mnazi lililokauka. Nilizipiga pasi juu ya leso, zikazidi. Nimezitia kwenye mchele, bado. – Wete

Jibu: Pasi basi, tafadhali. Kadi ya kung'ara ina uso wa utando wa plastiki na mgongo wa karatasi. Karatasi inanyonya unyevu na kutanuka, utando haunyonyi. Upande mmoja ukikua na mwingine ukabaki vilevile, kadi haina budi kujipinda. Pasi inakausha karatasi kwa ghafla na kuulainisha utando, na uso ukishapoteza mng'aro haurudi. Mchele nao unanyonya kidogo sana, unaacha vumbi la wanga kwenye uso na unaita fukusi.

Fanya hivi. Tia kila kadi kwenye mfuko wake laini, kwa kuiingiza kidogo upande ili pembe isigonge mdomo wa mfuko; pembe nyingi huharibika hapo. Kisha itie kwenye kifuko kigumu. Kadi ya kawaida inataka kifuko cha pointi 35, yaani unene wa takriban milimita 0.9, yenye kipande cha jezi ndani inataka 130 au zaidi, na ukiilazimisha kwenye cha 35 utaichana ukingo. Zipange kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Kwa kopo la lita 5 tia gramu 50 za silika jeli, si kile kipakti kimoja kinachokuja na viatu, ambacho kwa hewa yetu kinashiba upesi. Weka kitabu kizito juu ya vifuko, funga, usiguse kwa wiki tatu.

Nunua silika ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba; ya buluu ina kobalti, si nzuri kuwa nayo nyumbani kwenye watoto. Ikigeuka, itandaze kwenye sinia na uiweke ovenini, nyuzi 120, saa mbili, kisha irejeshe. Ukipata kipima unyevu kidogo, lenga asilimia 40 hadi 50. Usikaushe kupita hapo, kadi itajipinda upande wa pili.

Kwa walio Mji Mkongwe: kuta za mawe na chokaa hufyonza maji kutoka chini na kuyatoa ndani, hasa masika. Kabati lisiguse ukuta wa nje. Liache upenyo wa kiganja. Nondo na mende wafukuzeni kwa usafi, msitie nafutalini koponi, maana mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki. Na albamu za picha zenye kurasa za kunata ndizo adui mkubwa kuliko mende.

Swali: Nitajuaje kama kadi inafaa kupelekwa Marekani kutiwa daraja? – Fuoni

Jibu: Pima kwanza nyumbani. Kwa rula ya plastiki, si ya chuma, pima mpaka mweupe wa kushoto na wa kulia. Kushoto milimita 3 na kulia 2 ni 60 kwa 40, na hapo daraja 10 ya PSA, kampuni ya Marekani inayotia kadi daraja, isahau. Wanataka takriban 55 kwa 45 mbele. Kisha iinamishe chini ya taa utazame mikwaruzo, na pembe nne kwa lenzi. Halafu piga hesabu kwa bei ya 9, si ya 10: ada, posta kwenda na kurudi, bima na ushuru. Kama 9 hailipi hayo, ibaki hapohapo.

Bei itazameni kwenye orodha ya zilizokwishauzwa. Inayoombwa haimaanishi kitu. Na tazameni tarehe: Michael Jordan wa Fleer 1986, namba 57, daraja 10, aliuzwa dola 738,000 Januari 2021, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa kwenye laki mbili na kitu. Jordan ameshaacha kucheza miaka mingi. Ni wanunuzi tu waliopoa.

Swali: Kuna mtu anauza kadi ya "1952" Darajani, laki tatu. Niinunue? – Magomeni

Jibu: Nenda na rula, lenzi ya sonara ya mara 10, na ile taa ndogo ya kukagulia noti. Topps 1952 ina upana wa milimita 66.7 na urefu wa 95.3. Ikiwa ni 63.5 kwa 88.9, hicho ni kipimo cha baadaye, na kadi ni nakala. Ikipungua milimita moja upande mmoja tu, imekatwa ili kuficha ukingo uliochakaa, na thamani imekwenda.

Kwa lenzi, picha iwe na vitone vya rangi, lakini maandishi meusi na mistari iwe wino mtupu, mzima. Herufi zikiwa nazo ni vitone, mtu ameipiga skani kadi halisi na kuichapa upya. Mwisho zima taa ya chumba, washa ya noti. Karatasi za siku hizi zina dawa ya kung'arisha, huwaka weupe wa buluu. Kwa T206 kuwaka ni hukumu ya mwisho. Kwa ya 1952 ni sababu ya kutia shaka, kwani dawa hiyo ilianza kuenea miaka hiyohiyo. Muuzaji akikukataza kuitoa kwenye mfuko na kuipima, mrudishie na uendelee kununua samaki.