Chemba ya Oksijeni na Maumivu Yasiyoisha

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 46, na mwaka wa sita huu mwili mzima unaniuma. Asubuhi naamka nimechoka kana kwamba nimelima usiku kucha. Vipimo vya damu havionyeshi kitu, na mwishowe niliambiwa ni faibromayalgia. Mdogo wangu aliyeko Dubai amepata kituo kinachotibu kwa chemba ya oksijeni, vipindi 40, na anataka tuuze kipande cha shamba. Je, tiba hii inaponya?
Mama Z., Mombasa

JIBU: Marahaba, mama. Chemba hiyo si ngeni pwani yetu, kwani Zanzibar ipo moja ya kuwatibu wazamiaji waliopanda juu haraka mno wakapatwa na mapovu ya naitrojeni mwilini. Mgonjwa hufungiwa ndani, mgandamizo wa hewa hupandishwa mpaka ulingane na wa mtu aliye mita 10 chini ya maji, yaani angahewa 2 (mara mbili ya mgandamizo wa kawaida), naye huvuta oksijeni tupu, ambayo huyeyuka kwa wingi katika maji ya damu bila kungoja kubebwa na chembe nyekundu.

Kuhusu maradhi yako, utafiti uliofanyika Israeli na kuchapishwa mwaka 2015 uliwahusisha wanawake 60 wenye faibromayalgia. Walipewa vipindi 40 vya dakika 90, siku tano kwa wiki, na kwa wengi maumivu yalipungua. Hata hivyo, hapakuwa na kundi lililoingizwa chembani bila kupewa tiba yenyewe, na mtu anayehudumiwa kila siku kwa miezi miwili huweza kupata nafuu kwa kule kuhudumiwa tu. Kwa hiyo matumaini yapo, lakini uthibitisho bado, na mimi nisingeuza shamba, hasa ukikumbuka kwamba vipindi 40 ni wiki nane za kodi na chakula ugenini.

Kabla ya lolote, mwambie mdogo wako aulize kama chemba ni ya chuma au ni mfuko wa turubai unaojazwa upepo. Mifuko hiyo hufikia angahewa 1.3 tu, mara nyingi kwa hewa ya kawaida, nayo si tiba iliyofanyiwa utafiti huo hata ikiitwa kwa jina lilelile. Aulize pia kama daktari atakupima mapafu na masikio kwanza, kwa kuwa ngoma ya sikio huweza kupasuka, na mwenye hewa iliyovuja kifuani haruhusiwi kuingia kabisa.

Wakati huohuo, mwombe daktari wako mpango wa mazoezi mepesi yanayoongezwa kidogo kidogo, pamoja na dawa ya kukusaidia kulala, maana haya yana ushahidi mzito zaidi na yanapatikana hapohapo Mombasa. Na ikiwa siku moja utaingia chembani, usijipake mafuta kichwani: penye oksijeni nyingi kiasi hicho, cheche ndogo tu huwasha moto.