"At the bank" au "in the bank"?
Dada, umeuliza useme lipi kati ya haya mawili kwenye usaili wa kazi ya benki hapa Malindi. Mteja aliyepanga foleni yuko "at the bank". Pesa zake zilizohifadhiwa ziko "in the bank". Kinachotutatiza ni kwamba kwetu kitenzi ndicho hubeba mwelekeo: naweka benki, natoa benki, basi. Kiingereza hakitosheki na hilo: ni "deposit into an account", "withdraw from an account", na kuhamisha ni "from" akaunti hii "to" ile. Riba ya mkopo ni "interest on a loan". Hiyo "on" ishike sana, maana "ya" yetu hutuvuta kusema "of". Taslimu ni "in cash", hundi ni "by cheque". Inshallah kazi utaipata.