Barua kwa Mwanangu: Ngege wa Kanyaboli na Wanyama Wanaofufuliwa

Mwanangu Akinyi,

Salamu kutoka Dunga, hapa kando ya Ziwa Viktoria. Sote ni wazima. Swali lako nimekaa nalo wiki nzima: je, ni vyema wanasayansi wawarudishe wanyama waliokwisha kutoweka duniani? Ulisema mligawanyika darasani baada ya kusoma habari za wale mbwamwitu watatu waliotangazwa Marekani Aprili 2025. Mimi sikusomea sayansi, lakini nimeuza samaki miaka 30, na jibu langu linatoka ziwani.

Mteja akifika kwangu akaomba ngege, nampimia, analipa, anaondoka ameridhika. Lakini huyo si ngege aliyevuliwa na babu yako. Ni tilapia wa Mto Nile, mgeni aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Ngege mwenyeji aliisha kwa nyavu zetu na kwa kubanwa na wageni, na jina lake likarithiwa. Ndiyo maana habari za mbwamwitu hazikunifurahisha sana. Kampuni ya Colossal ilichukua chembe za mbwamwitu wa kijivu, ikabadilisha sehemu 20 za vinasaba ili wafanane na aina iliyotoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Wewe tulikupa jina la marehemu nyanya yako ili akumbukwe, lakini tulijua fika kwamba tumepata mtoto mwingine.

Kuna waliojaribu kumrudisha mnyama mwenyewe. Huko Uhispania palikuwa na mbuzi wa milimani aliyeitwa bukardo. Wa mwisho, jike, alikufa mwaka 2000, na ngozi ya sikio lake ilikuwa imehifadhiwa. Mwaka 2003 kitoto kilichotengenezwa kutokana na ngozi hiyo kilizaliwa kutoka tumbo la mnyama mwingine. Mapafu yalikuwa na kasoro, kikafa baada ya dakika chache. Mimi nimezaa, Akinyi, na kila nikisoma mambo haya namfikiria yule aliyebeba mimba. Sasa wanazungumzia mamothi, yule ndovu wa manyoya wa nchi za barafu. Ndovu hubeba mimba karibu miezi 22. Sioni kwa nini ndovu wa leo, ambaye tayari anawindwa na kufukuzwa mashambani, abebeshwe mzigo wa kiumbe asiye na kundi la kumlea wala nchi aliyoizoea.

Halafu kuna mbuta, yule wengine wanayemwita sangara. Waliomleta, miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960, walikuwa na nia njema: walitaka samaki mkubwa na chakula kingi. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza ziwa. Fulu, wale wadogo ambao nyanya yako aliwaanika juani na kutulisha wazima wazima na ugali, walikuwa takriban aina 500. Wataalamu wanakadiria aina zipatazo 200 zilipotea. Mbuta alitupa kazi na pesa, na ada yako ya shule ilitoka kwake, siwezi kumtukana. Lakini minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mgongo wazi, yaani mifupa iliyokwisha kutolewa nyama. Kwa hiyo nikisikia mnyama atarudishwa porini, nauliza: atakula nani, na nani atamla? Aliyeondoka zamani akirudi leo ni mgeni kama mbuta, kwa sababu wenzake wamezoea kuishi bila yeye.

Lakini sikubaliani na wenzako wanaosema sayansi hii ifungwe kabisa. Pale hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, faru weupe wa kaskazini wamebaki wawili tu, Najin na bintiye Fatu. Sudan, dume la mwisho, alikufa Machi 2018. Wanasayansi wamehifadhi mbegu za madume, wametoa mayai ya Fatu, wametengeneza viinitete, yaani mimba changa zilizotungwa maabara, na wanatafuta jike wa faru weupe wa kusini awabebee. Januari 2024 walitangaza kwamba kiinitete cha faru wa kusini kilishika na kuwa mimba, ingawa yule mama alikufa kwa maambukizi mimba ikiwa na siku 70. Hapo naunga mkono kwa moyo wote, tena waharakishe. Ndama akizaliwa Najin na Fatu wakiwa hai, atakuwa na wa kumfundisha jinsi ya kuwa faru wa kaskazini. Wakifa kabla yake, atajifunza kwa nani?

Hofu yangu kubwa ni watu kujipa moyo kwamba hata tukimaliza kitu, maabara itakirudisha. Yule ngege wa kweli hajafa, mwanangu. Yumo katika Ziwa Kanyaboli, Siaya, kwa sababu mafunjo ya kinamasi cha Yala yalimzuia mbuta asifike. Fulu nao wamo. Na kinamasi hicho hicho sehemu yake imeshakaushwa kwa kilimo. Kuyaacha mafunjo yasimame ni rahisi kuliko kumfufua samaki yeyote, na mngelianzia hapo katika mjadala wenu.

Ukija likizo ya Desemba tutapanda matatu hadi Siaya, kisha tuchukue boda mpaka Kanyaboli. Nataka wavuvi wa huko wakuonyeshe ngege, umshike mkononi. Ni mdogo kuliko wa mezani kwangu. Beba daftari.

Mama yako