Mshale ulishuka nikafurahi: kufunga geji za ziada kwenye gari la zamani

Hosi ya juu ya rejeta ilipasuka nikiwa katikati ya mlima Kitonga mkoani Iringa, nyuma ya tangi la mafuta lililokuwa linatambaa, Hilux yangu ya 1994 ikiwa gia ya pili na saruji nyuma. Mshale wa joto ulikuwa umepita katikati kidogo, halafu ukaanza kushuka wenyewe. Nikafurahi! Nikajiambia rejeta imepata upepo. Muda si mrefu gari likakosa nguvu, harufu ya raba iliyoungua ikaingia ndani, na nilipofungua boneti rejeta ilikuwa kavu kabisa.

Mshale haukuharibika. Sensa ya joto hupima maji, na maji yakiisha inabaki inaning'inia kwenye hewa na mvuke huku chuma chenyewe kikiungua. Silinda hedi ilipasuka wakati dashibodi inaniambia mambo ni shwari.

Tangu siku hiyo nimefunga geji za ziada kwenye magari matatu, langu na mawili ya ndugu. Watu wengi wakienda dukani wanachagua geji kwa sura: taa ya bluu, mshale mwekundu, ukingo wa kromu. Mimi siku hizi naanza na sensa. Nauliza itakaa wapi na itagusa nini, kisha ndiyo nanunua geji yake.

Kwa gari la dizeli la zamani lisilo na tabo (turbo), geji tatu zinatosha: joto, presha ya oili, na volti. Ukikuta ampia mita nzuri ya kizamani, iache hapo hapo. Ile hupitisha umeme wote wa chaji ndani ya dashibodi kwa waya mnene, na waya huo ukichubuka ukagusa bodi, unaweza kupoteza gari kwa moto. Geji ya volti inahitaji waya mwembamba na fyuzi ndogo, na inakwambia karibu kila kitu unachotaka kujua. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma kama 12.6. Ukiwasha, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na ushee wakati gari linatembea, altaneta haichaji. Ikipita 15, inachemsha betri.

Joto ndilo lililonisumbua zaidi. Geji nyingi za kiwandani za miaka ya 90 zilitengenezwa ili mshale utulie katikati hata joto likipanda na kushuka nyuzi kadhaa, dereva asiwe na wasiwasi. Ukiona mshale umeondoka katikati, umeshachelewa. Kwa hiyo nilitaka namba. Fundi akanishauri ile njia rahisi: kata hosi ya juu ya rejeta, weka kipande cha bomba la aluminiamu chenye tundu la sensa, kaza klipu mbili, umemaliza. Tulifunga jioni, tukawasha gari, geji kimya. Mshale haukusogea hata kidogo. Tukabadilisha fyuzi, tukapima waya kwa mita, tukailaumu geji yenyewe. Saa nzima imepita ndipo yule kijana msaidizi akauliza, "Fundi, hii bomba athi inapata wapi, si imeshikwa na raba pande zote?"

Kijana alikuwa sahihi. Sensa ya waya mmoja inatafuta athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia mwili wake. Ukiifunga kwenye chuma cha injini inaipata bure. Ukiifunga katikati ya hosi mbili za raba huna athi. Tukavuta waya kutoka kwenye bomba mpaka kwenye injini, geji ikaamka. Kosa la aina hiyo hiyo ni kuzungushia meno ya sensa tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko mitano sita, kama unafunga koki ya jikoni. Tepu inazuia maji, na ikizidi inazuia athi pia.

Asubuhi yake nikatoka Iringa kuelekea Mafinga. Geji ikasoma nyuzi 62 njia nzima, na ule mshale wa kiwandani ulikuwa chini ya katikati kama siku zote. Nikampigia fundi. "Bosi, hiyo ndiyo safi, injini yako ya baridi." Mimi sikuridhika. Nikafungua mdomo wa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kukuta haimo: mtu aliitoa zamani kwa imani kwamba gari lisilo na thamostati halichemshi. Huenda likachelewa kuchemsha, lakini siku zote linatembea na ubaridi, linakula dizeli na kuchafua oili. Nikaweka mpya ya nyuzi 82. Sasa barabara tambarare inasoma 84 hadi 88, na moshi wa asubuhi umepungua.

Lakini bomba hilo la hosi lina udhaifu ule ule wa Kitonga: maji yakiisha, linasoma hewa. Kwa hiyo nikaongeza sensa ya pili, ya bei ndogo, yenye pete inayobanwa chini ya boliti ya silinda hedi. Hii hupima chuma chenyewe, maji yawepo yasiwepo, na ina kengele. Kama pesa inakutosha kwa kitu kimoja tu, nunua hii na uache zile tatu nzuri dukani.

Kwenye oili kuna mtego wa meno. Injini za Kijapani za aina hii hutumia meno ya moja ya nane, 28 kwa inchi. Geji nyingi za Kimarekani zinakuja na meno ya moja ya nane vilevile, ila 27 kwa inchi. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Ukianza kuikaza inaingia mizunguko kadhaa, inakaza, unasema imekaa; kumbe umeharibu tundu la kwenye bloku na oili itavuja mpaka uchoke. Nenda dukani na swichi yako ya oili mkononi, utafute kiungio kinachopokea meno yote mawili. Swichi ya kiwandani usiitupe. Weka tii, kiungio chenye matawi matatu, ili taa nyekundu ibaki ikifanya kazi. Lakini sensa za presha ni nzito, na dizeli inatetemeka: ile ya ndugu yangu ilining'inizwa moja kwa moja kwenye tii ya shaba, ikakatika shingo akiwa barabarani. Aliona mshale ukilala, akazima injini papo hapo. Angesubiri kidogo injini ingenoki. Sasa tunaweka hosi fupi ya presha kutoka kwenye tii, na sensa tunaifunga kwenye bodi. Na ndiyo, hapo pia inataka athi yake.

Zile geji za presha zinazoleta oili yenyewe kwa kijibomba mpaka ndani ya gari, mimi sizitaki. Sitaki oili ya moto juu ya magoti.

Waya pitisha kwenye tundu lenye raba, usipitishe kwenye bati tupu. Umeme wa geji uchukue mahali panapowaka ukifungua swichi, kupitia fyuzi yake, usiuchomeke kwenye waya wa redio. Na ukiwasha taa kubwa usiku ukaona mishale yote imeruka kidogo, usiogope injini. Geji zinagawana athi na taa. Zipe ya kwao.

Mwezi uliopita nilipanda tena Kitonga, jua la saa nane, mzigo nyuma. 96, 99, 102. Nikashusha vioo vyote, nikafungulia hita mpaka mwisho ili ipunguze joto la maji. Shemeji aliyekaa pembeni akafuta jasho kwa khanga, akaniangalia.

"Shemeji, hii hita na jua hili?"

"Vumilia, imeshuka 98."

"Mimi je, nimefika ngapi?"