Kiingilio peke yake si mchango

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, ungelipa kiingilio kwenda kutazama onyesho la hisani lenye wanamazingaombwe, au ungetuma mchango wako ukabaki nyumbani?"

Jibu langu la haraka ni kutuma mchango. Shilingi inayopitia kwa mwenye ukumbi, mwenye spika, mwenye jenereta na mchapaji wa mabango haimfikii mgonjwa ikiwa nzima. Chukua mfano wa ukumbi wa viti 400 na kiingilio cha shilingi 10,000. Ukijaa wote ni milioni nne. Ondoa kodi ya ukumbi, vyombo, mafuta, walinzi, nauli za wasanii, na safu mbili za mbele wanazokaa wageni waalikwa bure. Kinachobaki kingeweza kukusanywa kwa simu jioni moja bila kuwasha hata taa.

Lakini jibu hilo linakwepa jambo linaloniuma zaidi, nalo ni jinsi maonyesho haya yanavyoandaliwa. Watu wanadhani neno hisani linafunika kila kasoro. Mfanya mazingaombwe anaalikwa kama anavyoalikwa mwimbaji wa kwaya, anapewa kona, kipaza sauti kimoja na dakika zisizojulikana, halafu tunashangaa watoto wakipiga kelele kwamba wameona kilichofichwa.

Mwimbaji anaweza kuimba katika ukumbi wowote. Mfanya mazingaombwe huanza kuharibikiwa viti vinapopangwa. Kazi yake ina pembe: kuna mahali ukikaa unaona yasiyotakiwa kuonekana, na fundi mzuri anazijua pembe za kila mchezo wake. Mwandaaji mwenye tamaa ya tiketi huongeza mabenchi ubavuni mwa jukwaa. Kiti chochote kilicho sambamba na meza ya msanii, au nyuma yake, kisiuzwe. Watoto wakikalishwa mikekani, mkeka wa kwanza uwe hatua nne au tano kutoka jukwaani, maana wakisogea zaidi wanatazama kutokea chini, na miondoko mingi ya mikono haikupangwa kutazamwa kutokea huko.

Kumbi zetu nyingi zimejengwa kwa ajili ya harusi na mikutano, sakafu yake ni bapa. Humo, jambo lolote linalofanyika chini ya kifua halionekani kuanzia safu ya nne au ya tano. Karata, sarafu na vikombe vya mezani vinakuwa starehe ya wageni waalikwa peke yao. Mwandaaji amwombe msanii mapema michezo ya vitu vikubwa, kama kamba, vitambaa, pete za chuma na magazeti, vitu ambavyo aliyekaa mlangoni anaviona.

Taa zitoke mbele na juu. Mwanga ukitoka nyuma, kitambaa kinakuwa chujio na kila kilichomo ndani yake kinaonekana. Ndiyo maana onyesho la saa kumi jioni katika darasa lenye madirisha upande wa magharibi huharibika hata kabla msanii hajafungua sanduku lake. Kipaza sauti kiwe cha kubana kwenye shati au cha kuvaa kichwani, kwa kuwa ukimpa mtu huyu cha kushika umemnyang'anya mkono mmoja kati ya miwili anayoitegemea. Kama hakipo, kiwekwe kwenye stendi, na betri za akiba ziwe mfukoni mwa fundi mitambo, si ndani ya gari. Feni zinazolenga jukwaa zizimwe dakika hizo. Huku pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, karata hunyonya unyevu, huvimba na kushikana, basi pakiti ifunguliwe wakati wa kazi, isiachwe mezani tangu mchana.

Halafu kuna pazia. Kama msanii ana vifaa vya kupanga, mtu mwingine lazima awe mbele ya pazia wakati huo: mchekeshaji, msoma ngonjera, mtu mmoja na gitaa. Ukumbi ukiachwa gizani dakika tano, watu huanza kusimama na kwenda kununua soda, na kuwarudisha ni kazi. Kipindi cha mazingaombwe kisizidi dakika 12. Mshereheshaji aandikiwe utangulizi wa sentensi tatu, na akatazwe kutaja mchezo utakaofanyika, kwa sababu akishasema "ataikata kamba na kuiunga", ameumaliza.

Sasa nije kwenye tukio ambalo kila mwandaaji wa onyesho la hisani angepaswa kulijua. Halikutokea kwetu, lilitokea Uingereza, tena miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

Mwaka 1911 ilipangwa kwamba Mfalme George V ahudhurie onyesho la wasanii wa burudani mchanganyiko mjini Edinburgh, katika ukumbi wa Empire Palace. Tarehe 9 Mei mwaka huohuo, humo ukumbini, alikuwa akifanya kazi mwanamazingaombwe mashuhuri kwa jina la jukwaani The Great Lafayette. Katika mchezo wake wa mwisho wa usiku huo taa ilishika moto na mapambo ya jukwaa yakawaka. Pazia la usalama, lile la kuzuia moto usiwafikie watazamaji, likashushwa, bendi ikapiga wimbo wa taifa, na watazamaji, ambao wanakadiriwa kufika 3,000, wakatoka salama. Upande wa pili wa pazia walikufa watu 11, Lafayette akiwa mmoja wao. Inasimuliwa kwamba baadhi ya milango ya nyuma ilikuwa imefungwa ili siri za michezo zisionekane. Mfalme hangeweza tena kwenda kutazama onyesho katika jengo lililoungua.

Onyesho likahamia London, Palace Theatre, tarehe 1 Julai 1912. Mapato yalikwenda kwenye mfuko wa kuwasaidia wasanii wa majukwaa waliozeeka au kuugua, mfuko ambao uliendesha makazi ya wasanii wazee, Brinsworth House, huko Twickenham. Orodha ya usiku ule ilikuwa nzito: Harry Lauder, Anna Pavlova, Little Tich, George Robey, na Vesta Tilley aliyetoka akiwa amevaa suruali kama mwanamume, jambo ambalo inasemekana lilimfanya Malkia Mary ageuze macho. Marie Lloyd, aliyependwa kuliko wengi wao, hakualikwa. Wakubwa wa hisani walikuwa wakiwachuja wasanii kwa kigezo cha heshima tangu wakati huo.

Mazingaombwe yalifanywa na David Devant, rais wa kwanza wa Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe kilichoanzishwa London mwaka 1905. Angeweza kuleta masanduku makubwa, kwa sababu alikuwa nayo na alijulikana kwayo. Mbele ya mfalme alileta kofia, mayai, mvulana na msichana.

Mchezo ulikwenda hivi. Kofia inaonyeshwa tupu. Msanii anatoa yai, anampa msichana, msichana anampa mvulana, mvulana analishika. Linatoka la pili, la tatu, la nne. Mvulana hana kikapu wala meza, anayakumbatia kifuani. Msanii anaongeza kasi, msichana anapokea na kupitisha, mikono ya mvulana inajaa, moja linaanza kuteleza, analizuia kwa kidevu, na wakati huohuo jingine linaletwa. Watazamaji wanaijua hatima yake tangu yai la sita, nao hawana la kufanya. Mwishowe yanadondoka na kupasuka sakafuni.

Tazama jinsi mchezo huu ulivyojibu kila tatizo nililolitaja. Pembe: kofia iko juu ya kifua, na macho ya watu hayako kwenye kofia, yako kwa mvulana. Umbali: huhitaji kuliona yai vizuri, unamwona mtoto anahangaika, na hangaiko la mtoto linaonekana hata kutoka roshani ya mwisho. Kipaza sauti: hakihitajiki, maana baada ya sentensi mbili maneno hayana kazi. Vifaa: vyote vinaingia ndani ya mfuko mmoja, na pazia halifungwi. Hakuna moto, hakuna mnyama, hakuna risasi. Baada ya Edinburgh, nadhani hilo la moto lilikuwa na uzito wake.

Anayetaka kuujaribu hapa kwetu ajue mambo machache. Trei moja ya mayai 30 inatosha onyesho moja na akiba. Mvulana awe wa miaka minane hadi kumi, kwa sababu mkubwa zaidi ana mikono mirefu na huanza kuigiza, na mdogo zaidi huogopa akalia, na mtoto akilia jukwaani onyesho limekufa. Mzazi wake aulizwe kabla, si pale mbele za watu. Avalishwe aproni au koti kubwa juu ya nguo zake, kwa sababu nguo ya sikukuu ikichafuka mama yake ataikumbuka kuliko mchango wote. Turubai la mita mbili kwa tatu litandikwe chini, likunjwe na uchafu wake ndani mara mchezo unapoisha, watu wawili, nusu dakika. Ute wa yai kwenye mbao ni utelezi hasa, na wachezaji sarakasi wakifuata bila sakafu kupanguswa, mtu atavunjika mguu.

Na kama onyesho linachangia chakula, kwa mfano uji wa watoto shuleni, mayai yasipasuliwe sakafuni kabisa. Nililipima jambo hili kwa pande zote mbili, nikaona haiwezekani kumwaga trei ya mayai mbele ya watu walioombwa kuchangia chakula. Yachemshwe yote isipokuwa moja. Mtazamaji hajui kwamba yamechemshwa, wasiwasi wake unabaki uleule, yakidondoka yanapata ufa tu, na baada ya onyesho yanamenywa na kuliwa. Hilo moja bichi, la kwanza kabisa, lipasuliwe kwenye bilauri mbele ya wote ili waamini mengine.

Michezo ya kupoteza pesa sitaki kuiona kwenye onyesho la hisani. Kukopa noti kwa mtazamaji, kuichoma, kisha kuitoa ndani ya limau ni mchezo mzuri sana siku nyingine. Siku ya kuchangisha, noti inayotoweka jukwaani inakaa jirani mno na kapu la sadaka. Jukwaani tumekubali kudanganywa, mlangoni hatukukubali. Tiketi ziwe na namba na vishina, getini wakae watu wawili wasio ndugu, hesabu ifanyike wakati wa mapumziko, na kiasi kilichopatikana kisomwe kabla ya kipindi cha mwisho, pamoja na gharama. Watu wakitangaziwa mapato bila gharama wameambiwa nusu ya habari.

La mwisho kwa waandaaji: wapo watakaokuja na hofu ya uchawi, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Mshereheshaji aseme wazi kwamba hii ni kazi ya mikono na mazoezi. Msanii asijidai kutabiri wala kuponya, hasa kama fedha zinakwenda hospitali, mahali ambapo kuna familia ambazo zingeuza shamba kumfuata mtu wa aina hiyo.

Nilianza nikisema tuma mchango ubaki nyumbani. Nikiandika kuhusu Devant nimeona pengo katika hesabu yangu. Ugonjwa wa kupooza ulimtoa jukwaani akiwa bado na umri wa kufanya kazi. Miaka yake ya mwisho aliishi katika hospitali ya wagonjwa wasiotibika huko Putney, London, taasisi iliyotegemea hisani, akafa mwaka 1941. Msanii aliyetumia mayai na kofia kuwachangia wenzake wagonjwa alikuja kuishi kwa hisani ya aina hiyohiyo. Hesabu ya milioni nne haina safu ya kuandikia hilo. Mchango wa simu unamfikia mgonjwa, lakini haumlishi msanii, haumpi jukwaa, wala haumkalishi jirani na jirani yake kwa saa mbili wakiogopa pamoja yai lisidondoke.

Kwa hiyo nenda. Tuma mchango wako kwanza, ule ambao ungeutuma hata kama pasingekuwa na onyesho, kisha nunua tiketi kwa fedha ya starehe, usizichanganye hizo mbili. Usiende kama tiketi hazina namba. Usiende kama hakuna anayejua milango ya dharura iko wapi na nani ana funguo. Ukimpeleka mtoto, kaa naye katikati ya ukumbi, si pembeni. Na kama wewe ndiye mwandaaji, mfanya mazingaombwe apewe nauli yake na sahani ya chakula kabla hajapanda jukwaani, bila kusubiri hesabu ya getini.